Jua la Utosi Juu ya Maji: Kinga ya Uso na Kichwa kwa Waogeleaji wa Morogoro

Kiswahili kinalo jina la jua la adhuhuri ambalo mwandishi wa kitabu cha anatomia asingeweza kulitunga vizuri zaidi: jua la utosi. Waliolitunga walikuwa wameona kivuli chao kikijikunja miguuni, wakatambua ni sehemu ipi ya mwili inayobeba mzigo wakati huo. Elimu ya falaki inakubaliana nao. Mji wa Morogoro uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo mara mbili kila mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la mchana hupita wima juu ya mapaa yetu. Hata mwezi Juni, tunapojifunika mashuka na kulalamikia upepo unaoteremka kutoka Uluguru, jua hupanda mchana hadi nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho. London, katika kilele cha kiangazi chao, hupanda hadi nyuzi 62. Jua tunaloliita la baridi ni sawa na jua kali kuliko yote wanayoyajua wao. Hatuna, basi, mwezi wa kupumzika.

Nayaandika haya nikiwafikiria watoto na vijana ambao kila likizo ya Juni na Desemba huyakimbilia maji. Morogoro ni mji wa maji. Mto Morogoro unashuka kutoka milimani na kuukata mji katikati. Ngerengere unaupitia na kulijaza Bwawa la Mindu. Kigurunyembe na Bigwa kuna vijito vyenye vidimbwi baina ya majabali. Wenye miguu mizuri hupanda hadi maporomoko ya Choma, na wenye usafiri hufika Kinole, au Bunduki kutazama maporomoko ya Hululu. Mabwawa ya kuogelea ya hoteli nayo hujaa Jumamosi na Jumapili. Mashauri mengi yaliyoandikwa duniani kuhusu kulinda uso na kichwa majini yaliandikwa kwa ajili ya watu weupe wanaopanda mawimbi kwa mbao huko Australia na California. Tukiyabeba yalivyo tutawatisha wasiohusika, na tutawasahau wale ambao jua la majini linaweza kuwaua.

Nianze na wasiohusika sana, maana ndio wengi. Rangi nyeusi ya ngozi hutokana na melanini, na melanini ni mwavuli wa kuzaliwa nao. Vipimo vya maabara vilivyofanywa katika miaka ya 1970 vilionyesha kuwa tabaka la juu la ngozi nyeusi lina uwezo wa kukinga miale unaolingana na takriban 13 katika kipimo kile kinachoandikwa SPF kwenye chupa za mafuta ya kukinga jua. Ngozi nyeupe ina 3 hivi. Saratani za ngozi zinazoletwa na jua ni nadra kwa mtu mweusi. Hata melanoma, saratani ya ngozi inayoogopwa kuliko zote, inapompata Mwafrika mweusi huota mara nyingi katika wayo wa mguu, mahali ambapo jua halifiki, na hakuna mafuta ya kukinga jua yatakayoizuia. Kwa hiyo siwezi kumshauri mzazi wa Kihonda, mwenye mtoto mweusi mzima wa afya, atumie nusu ya mshahara kununua chupa ya mafuta kutoka ng'ambo ili mwanawe aende kuogelea. Kofia na kivuli vinamtosha.

Lakini miongoni mwa watu weusi wapo wanaohitaji tahadhari zaidi. Mwenye mbalanga hana melanini katika mabaka yake, na mabaka hayo hupenda kukaa kuzunguka macho na mdomo. Aliyejipaka mkorogo kwa miezi au miaka ameuvua mwavuli wake kwa mkono wake mwenyewe, na akiogelea mchana uso humwaka, kisha huota madoa meusi kuliko yale aliyotaka kuyaondoa. Mwenye kipara, ambaye ngozi ya kichwa chake ilizoea kivuli cha nywele kwa miaka thelathini, hushangaa kukuta utosi ukiuma akiweka kichwa juu ya mto usiku. Anayetumia doksisaiklini huungua upesi kuliko kawaida. Mgonjwa wa lupasi anaweza kuzidiwa na ugonjwa baada ya siku moja ya kukaa juani. Hao wote wazungumze na daktari wao kabla ya likizo, wasingoje baada yake.

Na wapo watu wenye ualbino.

Nchini Tanzania hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya kila 1,400 amezaliwa na ualbino, kiwango kilicho juu sana kikilinganishwa na Ulaya au Marekani ya Kaskazini. Aina inayoonekana zaidi kwetu inatokana na kasoro katika jeni iitwayo OCA2, na ili mtoto azaliwe nayo ni lazima airithi kutoka kwa baba na kwa mama pia, kila mmoja akiwa ameibeba bila kujijua. Nalisisitiza hili kwa makusudi. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na nimekwisha kusikia mara nyingi lawama ya kuzaliwa kwa mtoto huyo ikitupwa upande huo huo. Biolojia haina ukoo. Baba ametoa nusu yake.

Mwaka 1985 daktari Luande na wenzake walichapisha matokeo ya kuwachunguza watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam. Walichokiona ndicho tunachokiona hadi leo katika kliniki za ngozi: jua huanza kuiumiza ngozi hiyo tangu mwaka wa kwanza wa maisha, alama za kudumu hujitokeza utotoni, na saratani huja katika umri wa ujana, umri ambao mtu mwingine anasomea kazi au anaposa. Saratani yenyewe mara nyingi ni ile inayotokana na seli bapa za tabaka la juu la ngozi. Huota zaidi kichwani na shingoni: kwenye masikio, paji la uso, mashavu, mdomo wa chini, kisogo, utosi. Inakua polepole, na ikikatwa mapema hupona. Anayekufa kwayo, kwa kawaida, ni yule aliyechelewa.

Mama mmoja kutoka upande wa Matombo aliniletea binti yake wa miaka tisa, mwenye ualbino. Mtoto alikuwa na midomo iliyopasuka na magamba mawili madogo kwenye kingo za masikio.

"Shikamoo daktari," mama alisema, na kabla sijamaliza kuitikia akaendelea, "nimekuja uniambie neno moja tu. Mjomba wake amesema asikanyage tena mtoni. Na huyu, ukimnyima mto, umemnyima kila kitu."

Kwa Waluguru neno la mjomba si dogo. Wala mjomba yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona kwa jirani kidonda cha sikio kilichokula nusu ya uso wa kijana, na alimpenda mpwa wake. Lakini binti alikuwa ndiye mwogeleaji bora kuliko watoto wote wa rika lake, mama alisema, na shuleni, ambako haoni ubao vizuri na wenzake humpa majina ambayo sitayaandika hapa, hakuwa na jambo lingine la kujivunia.

"Mama," nilimwambia, "asiache mto. Abadilishe saa, na abadilishe nguo. Mwambie mjomba nimesema hivyo mimi, na kama ana swali aje naye."

Mjomba alikuja wiki mbili baadaye, na maswali yake yalikuwa mazuri. Sehemu kubwa ya makala haya ni majibu niliyompa.

Swali lake la kwanza lilikuwa hili: mtoni kuna baridi, mtoto anatoka anatetemeka, sasa jua linamuunguzaje? Hapo ndipo maji yanapotudanganya. Mwale unaochoma ngozi si ule unaoleta joto. Ni mwale wa urujuanimno, usioonekana kwa macho wala kuhisiwa na ngozi wakati unapopenya. Mtu akiwa shambani, joto humfukuza chini ya mwembe kabla hajaungua sana. Akiwa majini anapoozwa, hapati onyo, naye hukaa saa tatu badala ya moja. Kupanda mlimani huongeza udanganyifu huo: kila mita 1,000 za mwinuko huongeza miale hiyo kwa karibu asilimia 10, na hapohapo hewa inazidi kuwa ya baridi. Mgeta, ambako vijiji vingine viko juu ya mita 1,500, mtu huvaa sweta na huku anaungua zaidi kuliko aliye Msamvu jasho likimtoka. Mawingu mepesi ya Uluguru nayo hayasaidii sana, kwani sehemu kubwa ya miale hupenya.

Watu husema maji huakisi jua kama kioo na kuchoma mara mbili. Hilo limetiwa chumvi. Maji yaliyotulia huakisi chini ya asilimia 10 ya urujuanimno. Povu jeupe la maji yanayoanguka, kama lile la chini ya maporomoko, linaweza kufikisha asilimia 25 hivi. Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba kiasi hicho kidogo kinatoka chini. Kinaingia chini ya ukingo wa kofia na kugusa kidevu, mdomo na pua. Na kuzama si kujificha: nusu mita chini ya uso wa maji bado kuna asilimia 40 ya miale iliyokuwa juu. Isitoshe, kichwa cha mwogeleaji hakizami, au kikizama ni kwa muda mfupi tu. Mwili wote unaweza kuwa majini saa nzima, na saa hiyo nzima kichwa kiko nje.

Anayeogelea chali amegeuza uso wake kuwa paa, nao hupokea kile ambacho kwa kawaida ni fungu la utosi. Nimewashauri wazazi wa watoto wenye ualbino wawafundishe watoto mitindo mingine na kuuacha huo kwa jioni.

Kuhusu utosi wenyewe, kuna jambo la nyumbani ambalo halimo katika vitabu vya Australia. Shule zetu nyingi za umma huwataka wanafunzi, wa kike na wa kiume, wanyoe nywele. Kwa mtoto mweusi hiyo ni sheria ya usafi tu. Kwa mtoto mwenye ualbino ni kumvua kifuniko cha pekee alichopewa na maumbile, hata kama ni chembamba na rangi yake ni ya majani makavu. Nimewahi kuwaandikia walimu wakuu barua za kuomba mtoto aachiwe nywele za urefu wa vidole viwili na aruhusiwe kuvaa kofia pana uwanjani na katika gwaride la asubuhi. Wengi walikubali bila ubishi. Hakuna aliyekuwa amewaeleza. Mzazi anayesoma haya asingoje barua ya daktari. Aende mwenyewe kwa mwalimu.

Watu wazima wanaosuka nywele wajue kuwa mistari kati ya misuko ni ngozi tupu iliyopangwa sambamba ikilitazama jua. Mwanamke mwenye ualbino aliyesukwa mistari minane amefungua mifereji minane.

Sasa kofia. Kama ningeruhusiwa kumpa mwogeleaji kitu kimoja tu, ningempa kofia, na mafuta yangesubiri. Kapelo, ile yenye ulimi mbele tu, inalinda paji na pua na kuyaacha masikio na kisogo wazi. Masikio ndiyo mahali ambapo kisu changu kimefanya kazi zaidi kuliko popote. Kofia ya pama yenye ukingo wa sentimeta 7 au zaidi pande zote ni bora mara nyingi. Iliyofumwa kwa ukindu ni nzuri ikiwa imefumwa kwa kubana. Ukiivaa na kuona nukta za mwanga usoni mwako kwenye kioo, basi kila nukta ni tundu. Kwa kucheza majini, kofia ya kitambaa kilichobanana ndiyo inayofaa, iwe na kamba ya kufunga kidevuni na pazia la nyuma linaloshuka hadi mabegani. Fundi cherehani yeyote sokoni anaweza kuishona kutoka kwenye suruali kuukuu ya kaki. Ya binti wa Matombo ilishonwa hivyo, na mjomba ndiye aliyelipa.

Kofia za mpira za waogeleaji wa mashindano zinafunika utosi vizuri sana, zikivutwa hadi chini ya masikio. Uso hazina habari nao.

Nguo nyeupe nyepesi ya pamba ina hila yake. Fulana nyeupe ikiwa kavu hukinga kiasi. Ikilowa, kinga yake hupungua kwa karibu nusu, kwa sababu nyuzi zilizojaa maji hupitisha mwanga. Ndiyo maana fulana nyeupe iliyolowa huonyesha ngozi. Kinachopita jicho kinapita na urujuanimno. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: lowesha kitambaa, kikunjue mbele ya dirisha, kama unaona vidole vyako upande wa pili, si cha kujikingia. Kitenge kilichobanana hushinda kanga iliyofuliwa mpaka ikalainika. Nailoni na poliesta za rangi nzito, zenye mikono mirefu na shingo ya juu, ndizo zinazobaki na kinga yake majini, na kwenye mitumba zinapatikana kwa bei ndogo. Mara nyingi ni fulana za wachezaji wa baiskeli au mpira za ng'ambo.

Mafuta ya kukinga jua huja baada ya hapo, kwa sehemu ambazo kofia na nguo hazifiki: pua, mashavu, mdomo, kidevu, masikio, shingo ya mbele, na mikono kuanzia viganja. Tanzania ina bahati katika jambo hili. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimewahudumia watu wenye ualbino kwa miongo kadhaa, na pale Moshi hutengenezwa Kilisun, mafuta ya SPF 30 yaliyobuniwa kwa ajili yao na kugawiwa katika kliniki bila malipo. Anayeishi Morogoro aulize katika kliniki ya ngozi ya hospitali ya mkoa, au kwa viongozi wa Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1978, ni lini na wapi ugawaji utafanyika.

Kosa ninaloliona kwa karibu kila mtu ni kujipaka kidogo. Namba iliyo kwenye chupa ilipimwa kwa tabaka nene ambalo watu hawalipaki. Kwa uso, masikio na shingo ya mtu mzima, kamulia mistari miwili kamili, mmoja juu ya kidole cha shahada na mmoja juu ya kidole cha kati, kuanzia shina hadi ncha, kisha upake yote. Ngozi ikibaki na weupe kwa dakika chache, hiyo ni dalili njema. Upake robo saa kabla ya kuingia majini. Chupa zinazodai kustahimili maji hupimwa kwa dakika 40, au 80 kwa zilizo bora, na hakuna mafuta yasiyotoka kabisa. Kujifuta kwa taulo huyaondoa upesi kuliko maji yenyewe. Upake tena kila baada ya saa mbili, na kila unapotoka majini na kujifuta. Mtoto akilia kuwa yanamchoma macho, usipake juu ya nyusi, kwani humiminika. Paka chini ya macho na kwenye pua mafuta mazito meupe yenye oksaidi ya zinki, yasiyotiririka. Acha wenzake wamcheke dakika mbili. Baadaye wataomba nao wapakwe.

Mdomo wa chini usahauliwe na nani? Na karibu kila mtu. Ngozi yake ni nyembamba, imeinuka kidogo kuelekea juani, na waogeleaji huuramba kila mara. Vazelini tupu hulainisha tu, haikingi. Paka yale yale mafuta ya usoni, au dawa ya mdomo iliyoandikwa SPF.

Tukiacha kofia, hakuna kinga iliyo rahisi kama saa. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kufuata longitudo ya nyuzi 45, iliyo mbali mashariki mwetu, na kwa hiyo jua la Morogoro halifiki kileleni saa sita kamili. Hufika kati ya saa sita na robo hivi na saa saba kasorobo, kutegemea mwezi. Zaidi ya nusu ya miale ya siku nzima huanguka katika saa mbili kabla ya kilele hicho na saa mbili baada yake. Shirika la Afya Duniani hupima ukali wa miale kwa namba, 3 ikiwa mwanzo wa kuhitaji kinga na 11 ikiwa kali kupindukia, na katika ukanda wetu mchana mweupe mara nyingi huivuka 11. Mtoto asiyejua saa atumie kivuli: kikiwa kifupi kuliko yeye, yuko nje ya wakati wake. Mwenye ualbino aingie mtoni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Mjomba alicheka niliposema hivyo. Alisema hata mabibi wa shamba waache kufua saa sita? Nilimjibu kuwa ndiyo, na kwa sababu nyingine kabisa. Kichocho kipo mkoani mwetu, na mabuu yake hutoka kwa wingi katika konokono wa majini wakati ule ule wa jua kali, yakimtafuta mtu wa kumwingia. Anayehamisha saa yake ya maji anapungukiwa na maadui wawili kwa mpigo, ingawa buu wa jioni naye yupo, na maji yanayokwenda kasi ni salama kuliko dimbwi lenye majani.

Nimwongezee mzazi tahadhari ambayo haihusu ngozi. Mvua za jioni zikinyesha juu milimani, mito ya Uluguru hujaa kwa dakika chache hata kama chini ni kukavu. Na mtoto mwenye ualbino ana uoni hafifu. Macho yake hucheza na huumizwa na mwanga, na mng'aro wa maji humzidishia. Hawezi kukadiria kina wala kuona jiwe chini ya maji kama wenzake. Asiogelee peke yake kamwe, na asipige mbizi mahali asipopajua kwa miguu. Miwani ya jua yenye kamba ya kisogoni humsaidia sana, na huwafaa pia wavuvi wa Mindu wanaoshinda mitumbwini, kwa sababu miale hiyo huchangia kuota kwa kinyama cheupe kinachotambaa kutoka pembe ya jicho. Kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI kinyama cha namna hiyo kichunguzwe mapema zaidi, maana katika Afrika Mashariki saratani ya utando wa jicho imewaandama watu hao.

Mara moja kila mwezi, kichwa cha mtu mwenye ualbino kikaguliwe nje mchana, chini ya kivuli, na mtu mwingine. Gawanya nywele kwa kitana, mstari kwa mstari, kuanzia paji hadi kisogo. Kunja kila sikio mbele na utazame nyuma yake. Vuta mdomo wa chini. Tumia ncha za vidole zaidi ya macho, kwa kuwa gamba la jua huhisiwa kama msasa kabla halijaonekana. Kidonda kisichopona baada ya wiki nne, kinundu kinachokua, gamba linalotoa damu likiguswa, au mdomo ulio mgumu mahali pamoja, ni safari ya kliniki wiki hiyo hiyo. Si lazima uanzie Muhimbili au Ocean Road, Dar es Salaam. Kituo cha afya kitaandika rufaa, na hospitali ya mkoa itaanza kazi.

Magamba mawili ya binti wa Matombo tuliyagandisha kwa naitrojeni ya kimiminika. Kila moja lilichukua sekunde kumi hivi. Huuma kama kushika barafu kwa muda mrefu, kisha hutokea lengelenge, na baada ya wiki mbili au tatu ngozi hufunga. Likiwa limekwisha kuwa saratani, hukatwa kwa ganzi ya mahali pale pale, na mgonjwa mwenye kinundu kidogo cha sikio hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mjomba alitaka kujua gharama, na nauli ya kurudi kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu ataitoa nani. Alipokwisha kuhesabu kwa vidole, aliniambia nimwandikie tarehe.